Ukinyamaza Tunakuvuta

Watu wakisikia nilikuwa mchimba visima, swali lao la kwanza ni kama nilikuwa naogopa giza. Giza si kitu. Ukikaa chini kidogo macho yanazoea, unaiona sururu yako, unaiona ndoo, unaona mpaka mizizi iliyokatika ukutani. Kinachotisha ni mwanga. Ukiinua kichwa unaona mbingu imekuwa ndogo kama kisosi, na kila siku unavyozidi kuchimba kile kisosi kinazidi kupungua, na wewe ndiye unayekipunguza kwa mikono yako mwenyewe.

Nyie vijana wa parokia yetu mliniita juzi nije kuongea habari za imani na kazi. Nilipoingia ukumbini nikakuta mmeandika ubaoni, kwa herufi kubwa, kwamba mwenye imani haogopi. Nikakaa pale mbele nikakohoakohoa. Nikawasimulia habari za udongo, mkacheka, tukanywa soda, tukaachana. Nimerudi nyumbani sijisikii vizuri. Kwa hiyo naandika yale niliyoshindwa kuyasema.

Mimi nimechimba visima huku Mpimbwe, nimechimba Katumba, nimepanda mpaka vilima vya Mwese na sururu begani, pikipiki ikiwa imeshindwa njia. Niliacha magoti yalipokataa na kifua kikaanza kupiga filimbi. Katika miaka yote hiyo sikumbuki asubuhi hata moja niliyoshuka kisimani bila kuogopa. Na kila asubuhi nilisali kwanza. Nilisali nikiogopa, nikamaliza kusali nikiwa bado naogopa, nikashuka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sitaki mtu anipambie.

Kazi nilifundishwa na mzee Bukuru wa Katumba. Alikuja nchi hii akiwa kijana, akimbeba mdogo wake mgongoni, na mpaka uzee wake Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani. Yeye alikuwa mlokole na mimi ni Mkatoliki, tukataniana sana. Alikuwa anasali ukingoni mwa kisima mpaka wenye kisima wanaanza kutazama jua. Mimi nikimaliza ishara ya msalaba ananiuliza, "Umemaliza? Huyo Mungu wako anasikia haraka hivyo?"

Lakini kazi aliijua. Alinifundisha kwamba udongo mweusi wa mbugani ni mwongo, leo umesimama kama ukuta wa kanisa, kesho ukikauka unapasuka na kuachia kipande kizito kuliko ng'ombe. Alinifundisha kusikiliza kuliko kutazama. Mchanga ukianza kuchuruzika ukutani unatoa sauti ndogo, kama unga unapochekechwa, na ukiisikia sauti hiyo huokoti kitu chochote, unapanda. Ndoo haijazwi mpaka juu, maana jiwe moja likidondoka kutoka kwenye ndoo inayopanda litakukuta wewe uliye chini huna pa kukimbilia. Na kabla ya mguu wa mtu kushuka, inashuka taa. Unafunga koroboi kwenye kamba, unaiteremsha polepole mpaka chini. Ikiendelea kuwaka, shuka. Ikizimika, mle ndani kuna hewa mbaya, na hewa mbaya haina harufu wala rangi. Inakaa chini imetulia kama maji, wewe unaingia ndani yake bila kujua.

Siku moja tulikuwa tunachimba kwa mwalimu mmoja huko huko Katumba. Bukuru alifika, akasali, akateremsha taa ikawaka vizuri kabisa, halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kukunja mikono.

"Mzee, vipi?" nikamuuliza.

"Leo sishuki."

"Unaumwa?"

"Hapana. Leo siogopi. Nimejichunguza tangu nyumbani, siogopi hata kidogo. Kwa hiyo sishuki."

Mwalimu alikuja juu. Akasema amewahi kusikia fundi aliyekataa kazi kwa kuogopa, lakini fundi wa kukataa kazi kwa kutoogopa ndiyo kwanza anamwona. Mimi nilicheka mpaka nikashika tumbo. Bukuru hakujali, akachukua baiskeli yake akaenda kupalilia tumbaku. Kesho yake alirudi uso umemkunjamana, akasema, "Sasa niko tayari." Nilidhani ni uzee. Nilikuja kumwelewa yeye akiwa ameshatangulia mbele za haki, kwenye kisima cha Masanja.

Masanja ni Msukuma aliyehamia bonde letu na ng'ombe wake, akajenga ng'ambo ya mbuga, mbali na bomba lolote. Familia yake ilichota maji mtoni. Mnaujua mto wetu wakati wa kiangazi. Unakatika vipande vipande, yanabaki madimbwi ya tope, na kila chenye kiu kinabanana humo: ng'ombe, viboko, mamba, na akina mama wenye ndoo. Mke wake, Mama Kulwa, alikuwa na kovu refu kwenye mguu ambalo hakupenda kulisimulia. Aliponyoosha mkono kunionyesha mahali wanapotaka kisima, aliniambia neno moja tu: "Baba, fanya haraka."

Nilikuwa nafanya kazi na Deo, mdogo wake mke wangu. Deo alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, mwimba besi wa kwaya, mcheshi, mkono wake mwepesi kwenye sururu kuliko wangu. Tulichimba mpaka udongo wa chini ukaanza kuwa na unyevu. Ukiushika unabaki umeumbika mkononi, dalili nzuri. Ikaingia sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Tukakifunika kisima kwa magogo, majani na ngozi ya ng'ombe ili mbuzi wasitumbukie, tukaenda kusali. Deo aliimba mpaka sauti ikamkauka. Sikukuu ilipokwisha tukarudi kazini.

Asubuhi ile tulifunua magogo. Mimi nikachuchumaa kuwasha koroboi, upepo ukawa unazima kiberiti. Deo alishakaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani.

"Subiri taa," nikamwambia.

"Shemeji, juzi tu tumesherehekea Mama Maria kupalizwa juu. Mimi hata kwenda chini nishindwe?"

Masanja na watu wa kwake wakacheka. Hata mimi nilicheka.

"Na asubuhi nimesali," akaongeza.

"Hata mimi nimesali. Subiri taa."

Nikarudi kwenye kiberiti changu. Nilipoinua kichwa hakuwepo ukingoni. Nikasikia nyayo zake kwenye vile vishimo vya kukanyagia tulivyovichonga ukutani, moja baada ya nyingine, huku anaguna wimbo. Nikapiga kelele, "Deo! Panda juu!" Akajibu kitu ambacho sikukisikia vizuri. Kisha wimbo ukakatika katikati ya neno, na kikasikika kishindo laini, kama gunia la mpunga linapotuliwa chini.

Nikamwita. Masanja akamwita. Kisima hakikujibu.

Koroboi ilikuwa imeshika moto sasa. Niliiteremsha, sote tumeinama ukingoni tunaitazama. Ilikwenda vizuri mpaka kwenye kina cha zaidi ya nusu, mwanga wake wa njano ukipita ukutani. Kisha ikawa nyekundu, ikawa nukta, ikazimika.

Kulwa, mtoto mkubwa wa Masanja, kijana mwenye nguvu za kuinua ndama, alikuwa ameshavua shati. Aliweka mguu kwenye kishimo cha kwanza. Nilimrukia kiunoni, tukaanguka wote kwenye tuta la udongo.

"Niache! Mtu anakufa!"

"Ukishuka mtakufa wawili," nikamwambia, nimemkalia kifuani. "Umeiona taa. Nawe utazimika kama ile taa."

Masanja akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Fundi," alisema taratibu, "yule ni ndugu yako."

Palikuwa na mama mmoja jirani, mlokole, alikuwa amekuja kuomba chumvi. Akapiga magoti akaanza kuomba kwa sauti kubwa. Akafungua macho akanielekezea kidole. "Baba, shuka kwa imani! Mungu yuko pamoja nawe, unaogopa nini?"

Nilikuwa naogopa vyote. Niliogopa kile kisima. Niliogopa kumwambia mke wangu. Niliogopa kwamba Deo anakata roho wakati mimi nimesimama juu nikiwa na mapafu yangu yamejaa hewa. Na kuna kitu kimoja kilichonitisha kuliko hayo yote: sikuweza kujua kama nilikuwa nasubiri kwa sababu ya mafunzo ya Bukuru, au kwa sababu tu ya woga. Vilikuwa vimekaa mahali pamoja kifuani na vilisema maneno yale yale.

"Mama," nikamwambia yule jirani, "endelea kuomba, lakini ushike tawi."

Tukakata matawi yenye majani mengi, tukayafunga mwisho wa kamba kama ufagio mkubwa. Tukawa tunayateremsha na kuyapandisha kwa nguvu, kuteremsha na kupandisha, ili kuikoroga ile hewa na kuitoa. Mama Kulwa akaleta maji yote yaliyokuwa nyumbani, yale maji ya dimbwini waliyoyachota kwa hatari, akayamwaga kisimani ndoo baada ya ndoo, maana maji yanapoanguka yanaburuta hewa safi kwenda chini. Yule mlokole alishika kamba kweli. Hakuacha kuomba wala hakuacha kuvuta. Mimi nilitafuta sala, sikuipata hata moja. Sala ninazozijua tangu utotoni zilikuwa zimefutika. Nilikuwa natamka tu "Mungu" kila tawi linaposhuka na "Mungu" kila linapopanda, na sikuwa na kingine.

Taa ya pili ilizimika, lakini chini zaidi. Tukakoroga tena mpaka viganja vikachubuka. Taa ya tatu ilifika karibu na chini ikawaka kidogo, mwanga mwembamba, mgonjwa, lakini haukufa.

Nikafunga kamba kifuani. Nikawaambia, "Nikitikisa, vuteni." Nikashuka.

Deo alikuwa amekaa, mgongo umeegemea ukuta, kidevu kimeangukia kifuani kama mtu anayesinzia wakati wa mahubiri. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Nilipomgusa shingo sikusikia mpigo, nikasikia wangu tu. Kichwa changu kilianza kuwa chepesi. Nilijua sina muda wa kuhakikisha kama yu hai. Kamba ilikuwa moja. Nikaifungua kifuani kwangu, nikamfunga yeye chini ya makwapa, nikatikisa.

Alipanda taratibu, miguu yake ikanigonga usoni ikapita. Mwili wake ukaziba kile kisosi cha mbingu, na mimi nikabaki kwenye giza, bila kamba, na koroboi iliyokuwa inageuka nyekundu. Nikakumbuka kwamba hewa mbaya inakaa chini. Nikapanda vishimo kadhaa nikajibanza ukutani kama mjusi, magoti yanagonga udongo, mikono inateleza kwa jasho. Nyie mnaosema mwenye imani haogopi, ningependa mngekuwa pale mnishikie mguu. Sikuona malaika. Sikusikia sauti. Nilisikia watu juu wakipiga kelele na sikujua ni kelele za kilio au za furaha. Kisha kamba ikanigonga kichwani.

Deo alikuwa anapumua. Alitapika, akafumbua macho, akatutazama wote kama wageni. Wakampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili mpaka zahanati, na kutoka zahanati akapelekwa hospitali ya Mpanda. Alipona. Lakini kwa miezi mingi mikono ilimtetemeka, kichwa kikawa kinamuuma, na maneno yakawa yanampotea. Alikuwa anaweza kukuomba "ile ya kunywea" akimaanisha kikombe.

Jumuiya yetu ndogo ilikuja kushukuru nyumbani kwetu. Waliimba, walilia, walisema ni muujiza. Wakasema mimi ni mtu wa imani kubwa. Mke wangu Leokadia alipika wali kwa maharage, Deo akakaa kwenye kiti amefunikwa khanga mabegani, anatabasamu. Mimi nilikaa karibu na mlango. Kila wimbo ulipokatika ili waanze mwingine, moyo wangu ulisimama.

Tangu siku ile woga haukuwa wa kisimani tena, ulihamia nyumbani. Nilikuwa namega tonge la ugali, nasikia harufu ya tope. Nikiinama kufunga kamba za viatu, pumzi inakata. Mtoto akicheza akajificha chini ya kitanda, nilimtoa kwa ukali mpaka akalia. Nilikuwa nasali sana, zaidi ya zamani, lakini nilipofumba macho nikaona ile nukta nyekundu inazimika, nikayafumbua. Nikaanza kusali macho wazi. Watu wakija kuniomba niwachimbie, niliwaelekeza kwa fundi mwingine.

Nikaenda kuungama. Nikamwambia Padri nimeishiwa imani, kila siku naogopa.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

"Kila kitu, Padri. Naogopa hata kukaa hapa, pamebana."

"Kwa sababu ya woga huo umemkatalia mtu msaada? Umemdhulumu mtu? Umemwacha Mungu?"

"Hapana. Bado nasali. Lakini nasali vibaya."

Nikasikia anajikuna ndevu. "Basi, mzee wangu, hii si dhambi," akasema. "Umekuja kuungama jasho. Mwili wako ulikaribia kufa nao unakumbuka. Endelea kusali hivyo hivyo vibaya." Sikuridhika. Nilitaka aniombee huo woga unitoke. Nilitoka kanisani nikiwa nao, tukarudi wote nyumbani.

Oktoba, jua likiwa limeunguza kila kitu, Masanja alikuja. Alisimamisha baiskeli uani akakaa kwenye benchi, akazungumza habari za malisho, za ng'ombe waliokonda, za mvua iliyochelewa. Leokadia akamletea uji. Mwishowe akasema, "Fundi, sijaja kukulazimisha. Kile kisima nimekifunika. Lakini jana mama watoto ameponea chupuchupu. Mamba alichukua ndoo. Ndoo ilikuwa mkononi."

Alimaliza uji wake akaaga.

Nilikaa pale benchi. Leokadia akakusanya kikombe, akasimama mbele yangu.

"Baba Kalista, utakwenda?"

"Sijui."

"Utakwenda," akasema. "Nakujua. Lakini huendi bila mimi. Na nitajuaje kama huko chini uko hai?"

"Nitakuwa na kamba. Nitatikisa."

"Mtu aliyezimia anatikisa kamba?"

Nikainuka kwenye benchi.

"Basi utasali kwa sauti," akasema. "Rozari. Wewe unaanza huko chini, mimi naitikia juu. Ukinyamaza tunakuvuta."

Mafundi wengine wakichimba wanaimba, wengine wanapiga mluzi. Lakini hili la kuanza na kuitikiwa lilitoka kwenye kichwa cha mwanamke ambaye hajawahi kushika sururu, na tangu siku ile sikuchimba tena kwa namna nyingine.

Taa iliteremka ikawaka vizuri. Tukaiacha mle muda mrefu, mpaka Masanja akasema ataishia kununua mafuta ya taa badala ya maji. Nikajifunga kamba. Leokadia akanikagua fundo, akalivuta, akalivuta tena. Macho yake hayakuwa yananitazama mimi, yalikuwa yanalitazama lile fundo tu. Nikashuka.

"Salamu Maria," nikaanza, sauti inatetemeka kama ya mwanafunzi.

"Maria Mtakatifu," ikajibu kutoka juu.

Nikachimba. Nikasali. Ndoo ikapanda, ndoo ikashuka. Kila Leokadia anapofika kwenye yale maneno ya saa ya kufa kwetu, nywele zilinisimama. Nimeyasema maneno hayo tangu nikiwa mtoto, nikiwaza chakula, nikiwaza mpira. Huko chini niliyasikia kwa mara ya kwanza kwamba yananihusu.

Katikati ya fungu la tatu la rozari nilipiga sururu, kipande kidogo cha udongo kikadondoka ukutani kikanigusa bega. Kipande kidogo tu, kama andazi. Koo likafunga. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Ukuta ulikuwa mzima, hewa ilikuwa nzuri, taa inawaka pembeni yangu, lakini mimi nilisimama kama nguzo, sauti imekufa. Nikasikia juu Leokadia anaita, "Baba Kalista?" Kisha kamba ikanibana makwapani, miguu ikaacha ardhi.

Walinitoa kama mbuzi aliyetumbukia. Nikawa nimekaa kwenye tuta, nahema.

"Kuna nini?" Masanja akauliza.

"Hakuna."

"Mbona umenyamaza?"

"Niliogopa."

Nilidhani watacheka. Masanja alivua kofia, akajipangusa uso, nikaona naye mikono inamtetemeka. Leokadia akanipa maji. Hakuniambia nijikaze, wala hakuniambia Mungu yupo. Alikaa chini kando yangu mpaka pumzi yangu ikarudi, kisha akauliza, "Tulikuwa fungu la ngapi?"

Nikashuka tena.

Kulikuwa na siku ambayo Leokadia alipatwa na homa, na Masanja akasema ataitikia yeye. Masanja hakuwa Mkristo. Leokadia alimfundisha maneno jioni moja, lakini kichwani yalibaki nusu. Mimi huko chini nasema Salamu Maria yangu yote, na juu inarudi sauti nzito ya mchunga ng'ombe: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, na kadhalika, fundi!" Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Cheko likanikatisha, nikanyamaza, wakanivuta.

Maji yalitoka siku ya kawaida tu, yakiwa machafu kama chai ya maziwa, yakinipanda vifundoni. Mama Kulwa alipopewa ndoo ya kwanza hakunywa. Alitia mkono ndani mpaka kiwiko, akauacha humo, akitazama upande wa mtoni.

Siku hizi najua kuna magari ya kuchimba. Vijana wenye kofia ngumu wanabonyeza vitufe, nusu siku wamefika majini, na hakuna mtu anayeshuka popote. Namshukuru Mungu kwa ajili ya hayo magari. Lakini naona nyie mna mashimo yenu. Mmoja ameniambia mkewe ana mimba na ile ya kwanza iliharibika, hivyo kila asubuhi anaogopa kumuuliza ameamkaje. Mwingine anaendesha bodaboda njia ya Mwese na mama yake halali mpaka asikie pikipiki. Mnakaa na hofu hizo kimya, kwa sababu ubaoni imeandikwa mwenye imani haogopi. Mnasali kimya, mnatetemeka kimya. Mimi nawaomba msali kwa sauti mahali ambapo kuna mtu wa kuitikia, ili siku koo likifunga kuwe na mtu aliyesikia kwamba mmenyamaza.

Kiangazi kilichofuata tulikuwa tunachimba kwa mjane mmoja upande wa Majimoto. Deo alikuwa amerudi kazini, lakini wa juu tu, anazungusha kamba na kuitikia. Maneno yalikuwa yamemrudia karibu yote. Asubuhi moja, nikiwa nimeshateremsha taa, akachukua kamba mkononi mwangu.

"Shemeji, leo nishuke mimi."

Nilimtazama. Midomo yake ilikuwa mikavu na jasho limemtoka hata jua halijapanda.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Naogopa mpaka tumbo linauma."

Nikamfunga kamba. Nikalivuta fundo, nikalivuta tena. Akashuka, na mimi kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikabaki ukingoni nikisubiri sauti ya Deo.

Ile besi yake ilipanda kutoka chini, nami nikaitikia. Ilipanda tena, nikaitikia. Nilikuwa sijui kwamba juu ndiko kubaya zaidi. Chini una sururu, una udongo, una kazi ya mikono. Juu una masikio tu. Kila nikimaliza kuitikia kunakuwa na kinafasi kidogo kabla hajaanza tena, na katika kile kinafasi mtu anaweza kuzeeka. Nikamfikiria Leokadia, visima vyote vile, amesimama juani na khanga kichwani.

Kisha Deo akanyamaza.

Nikasubiri pumzi moja. Nikaita. Sikusikia kitu. Nikashika mpini wa gogo la kuvutia kamba nikaanza kuzungusha kwa nguvu zangu zote.

"Shemeji!" ikatoka sauti chini. "Nakunywa maji! Subiri nimeze!"

Nikamwambia ameze akiwa njiani, maana mimi nimeshaanza kuvuta. Alipanda akining'inia, chupa mkononi, ananigombeza njia nzima. Kabla hajakanyaga ardhi niliudaka mguu wake, wenye tope, nikaushika tu kwa mikono miwili. Akaacha kunigombeza. Alikaa kwenye tuta akanywa maji yaliyobaki nusu, nusu akanipa mimi.

Kisha akauliza tulikuwa fungu la ngapi, akashuka tena.